DAWA YA BAKTERIA HAIUI VIRUSI



Mtu akipatwa na homa huku Bunia, mara nyingi mtoto hutumwa farmasi kabla mgonjwa hajafikiria dispensari. Mtoto anarudi na vidonge vinne vya ampisilini, kwa kuwa fedha imetosha vinne tu. Mgonjwa anameza viwili, jioni viwili, na habari inaishia hapo. Desturi hiyo ni ya hatari, na wachimbaji wanapaswa kuijua hatari hiyo kuliko watu wengine.

Toka mwaka 1998 hadi 2000, katika machimbo ya dhahabu ya Durba, karibu na Watsa, watu 154 walipatwa na homa ya Marburg. Kati yao 128 walikufa. Wengi walikuwa vijana waliokuwa wakishuka katika shimo la Gorumbwa, lenye popo wengi. Halafu mwishoni mwa 2004 machimbo ya almasi ya Zobia, huko Bas-Uele, yalifunguliwa tena, na muda si mrefu tauni ya mapafu ikaingia. Watu zaidi ya 50 walikufa, na wachimbaji kwa maelfu wakakimbia.

Kwa macho ya jirani, magonjwa haya huanza namna moja: homa, kichwa kuuma, mwili kuchoka. Kumbe la Zobia ni la bakteria na la Durba ni la virusi. Dawa iliyoweza kuwaponya wa Zobia isingeiua virusi ya Durba.

Bakteria ni kiumbe kamili, ingawa ni mdogo sana. Ana ukuta wake, na ndani yake ana karakana ya kutengenezea protini. Penisilini na ampisilini humzuia kujenga ukuta. Maji yanaingia, anapasuka. Streptomisini, gentamisini na doksisiklini husimamisha karakana. Chembe za mwili wetu hazina ukuta wa namna hiyo, na karakana zetu zimeundwa tofauti, ndiyo sababu dawa humpiga mdudu bila kumwua mwenye mwili.

Virusi haina ukuta wa kuvunja wala karakana ya kusimamisha. Ni kama mwizi anayeingia kiwandani usiku na kuendesha mashine za wenyewe, azalishe wezi wenzake. Ampisilini ikifika hapo haina cha kupiga. Mafua na surua ni vivyo hivyo. Dawa ya virusi huziba mlango, au huharibu kazi ya kunakili. Dawa za UKIMWI hufanya hivyo, lakini virusi hubaki imejificha mwilini; kwa hiyo humezwa kila siku, hata mtu akijisikia mzima kabisa.

Wakati wa Ebola ya 2018 hadi 2020, Ituri na Kivu ya Kaskazini, dawa nne zilijaribiwa kwa wagonjwa 681. Kwa mbili kati yao, kama theluthi moja ya wagonjwa walikufa. Kwa zile nyingine ilikuwa karibu nusu. Moja ya zile bora ilitokana na damu ya mtu aliyepona Ebola ya Kikwit ya 1995, kazi ambayo Profesa Muyembe alishiriki. Tuna haki ya kujivunia. Lakini dawa hizo ni za Ebola ya aina ya Zaire tu, hazitibu Marburg, na hutolewa hospitalini kwa mshipa.

Malaria nayo si bakteria wala virusi. Pima damu kwanza.

Turudi kwa vidonge vinne. Kipimo kidogo huua bakteria dhaifu na kuwaachia nafasi wenye nguvu, nao huwapitia watoto wako. Meza kwa siku na saa ulizoandikiwa, na usimgawie mwenzako wa zamu. Ukitokwa na vipele, uso ukavimba au pumzi ikabana baada ya penisilini, kimbilia dispensari, na tangu siku hiyo mwambie kila daktari. Anayemeza metronidazoli aache lotoko na bia mpaka siku tatu zipite baada ya kidonge cha mwisho. Doksisiklini humezwa kwa maji mengi, na mtu asilale papo hapo. Mjamzito na mtoto mdogo wasipewe bila daktari kuamua.

Wale mnaokwenda likizo upande wa Rethy, waambieni na wazee: homa pamoja na tezi iliyovimba kinenani au kwapani, au kikohozi cha damu, hasa panya wakiwa wanakufa ovyo nyumbani, ni jambo la hospitali siku hiyo hiyo. Tauni ya mapafu inataka dawa ndani ya saa 24 tangu dalili ya kwanza. Panya hao msiwashike kwa mikono.