Garimoshi la Mvuke na Mti wa Mkaratusi

Ukifika Tunduma utaiona reli ya TAZARA. Reli hii ina urefu wa kilomita 1,860, kutoka Dar es Salaam mpaka Kapiri Mposhi, Zambia. Wachina walitusaidia kuijenga, na ilikabidhiwa mwaka 1976.

Wazee wetu huita treni "garimoshi". Lakini tangu mwanzo, vichwa vya treni vya TAZARA vilitumia dizeli. Jina hilo la moshi lilitoka kwa treni za zamani zaidi. Hizo zilikuwa treni za mvuke.

Treni ya mvuke ilifanyaje kazi?

Tazama sufuria ya maharage jikoni. Maji yakichemka, mvuke huinua kifuniko. Treni ya mvuke ilitumia nguvu hiyo hiyo. Ilikuwa na tangi kubwa la chuma lenye maji. Moto ulichochewa, maji yakachemka. Mvuke ukafungiwa mpaka ukawa na nguvu nyingi. Kisha ukasukuma vyuma, na vyuma vikazungusha magurudumu.

Kwa hiyo treni ilihitaji vitu viwili kila siku: maji na kitu cha kuwasha moto.

Makaa au kuni?

Huko Uingereza makaa ya mawe yalikuwa mengi. Mjini London kulikuwa na kiwanda kikubwa cha gesi, mahali paitwapo Beckton. Kilianza kazi mwaka 1870. Makaa yalipashwa moto ndani ya tanuri zilizofungwa, yakatoa gesi ya kuwasha taa na kupikia. Vichwa vidogo vya mvuke vilivuta mabehewa ya makaa humo kiwandani. Treni ilikula makaa, na mzigo wake ulikuwa makaa.

Kwetu hali ilikuwa tofauti. Reli ya Tanga ilianza kujengwa mwaka 1893. Reli ya Mombasa ilianza mwaka 1896, ikafika Ziwa Victoria mwaka 1901. Reli ya Kati ilianza Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Kigoma mwaka 1914. Makaa ya mawe yapo hapa kwetu Ileje, lakini ni mbali na reli hizo. Makaa ya kuletwa kwa meli yalikuwa ghali. Basi treni zilichoma kuni nyingi, na misitu ikakatwa.

Mti mgeni

Huko Kenya, wenye reli waliona kuni zitakwisha. Mwanzoni mwa miaka ya 1900 wakapanda mti kutoka Australia, yaani mkaratusi. Waliuchagua kwa sababu hukua haraka. Ukiukata, kisiki huchipua tena. Kuni zake hutoa moto mkali.

Baada ya Vita Kuu ya Pili, vichwa vingi vya mvuke vilibadilishwa vitumie mafuta. Baadaye dizeli ikachukua kazi. Leo kichwa kimoja kikubwa cha mvuke kimehifadhiwa katika makumbusho ya reli mjini Nairobi. Kinaitwa Mount Gelai, kwa jina la mlima wa kaskazini mwa Tanzania.

Treni za mvuke zimepita, lakini mkaratusi umebaki. Umeenea nchi nyingi. Hata Mbozi na Ileje tunao.

Tupande wapi?

Mkaratusi una faida. Hutupa nguzo, mbao na kuni. Lakini mti unaokua haraka hunywa maji mengi. Mimi Bwana Shamba nimewaona wakulima walioupanda kando ya chemchemi. Miaka michache baadaye maji yalipungua, na akina mama wakaanza kufuata maji mbali. Wenye reli walitafuta kuni tu. Sisi tunahitaji kuni na maji pia.

Kwa hiyo fanyeni hivi:

1. Msipande mikaratusi karibu na chemchemi, mto au bonde lenye maji.
2. Acheni mita 60 kutoka kando ya mto au chanzo cha maji. Sheria inakataza shughuli za kudumu ndani ya eneo hilo.
3. Kwenye chanzo cha maji tunzeni mikuyu na miti mingine ya asili.
4. Mikaratusi ipandeni mbali na maji, na msiichanganye na mahindi au kahawa.

Garimoshi lilipoishiwa maji lilisimama njiani. Na kijiji kikiishiwa maji kitakwenda wapi? Mkutano ujao wa kijiji, kagueni chemchemi yenu. Hesabuni mikaratusi iliyo karibu nayo, kisha amueni pamoja.