Foramali Ilipokatika Katikati ya Bahari

Sisi tuliokulia bara hudhani kwamba mawimbi ndiyo adui mkuu wa jahazi. Mabaharia huutazama zaidi upepo, hasa ugeukapo bila kupiga hodi.

Tuchukue safari ya Sohar. Chombo hicho kiliundwa mjini Sur, nchini Oman, mwaka 1980, kwa mfano wa majahazi ya kale ya Waarabu. Mbao zake hazikupigiliwa misumari. Zilishonwa kwa kamba za usumba wa nazi, kama walivyoshona mitepe yao mafundi wa upande wa Lamu. Mnamo Novemba mwaka huo kiling'oa nanga Maskati kwenda Canton, nchini China, mwendo wa maili 6,000 hivi, kikiongozwa na msafiri Tim Severin. Miongoni mwa mabaharia wa Oman walikuwamo wawili wenye jina moja, nao wenzao wakawatofautisha kwa kazi zao: huyu wa Polisi, yule wa Jeshi la Wanamaji. Wasomaji wetu wenye sare hawatakosa kutabasamu.

Balaa liliwapata mwaka 1981, kati ya Sri Lanka na Sumatra. Upepo uligeuka ghafla, ukalipiga tanga kuu kwa mbele na kulisukuma juu ya mlingoti. Foramali, ile boriti ndefu ibebayo tanga, ikakatika. Jahazi lisilo na foramali ni gogo lielealo, na hapakuwa na bandari karibu. Mabaharia walikichonga kipande kilichosalia, wakatweka tanga dogo, wakaendelea kujikokota. Kisha pepo zikalala kwa majuma. Maji ya kunywa yakawa ya kupimwa, na wingu jeusi, ambalo kwa kawaida huogopwa, likawa la kutamaniwa: lilipopasuka, walikinga mvua na kujaza vyombo.

Walipotoka Singapore walikuwa wakishindana na msimu wa tufani za Bahari ya China. Dhoruba fupi ziliwajia moja baada ya nyingine zikayararua matanga, nao wakawa wakishona huku wakisafiri. Katika saa kama hizo nahodha hana nafasi ya kurudia amri: asiyeilegeza kamba papo hapo huwaponza wote waliomo chomboni.

Mwezi Julai 1981 waliingia Canton, baada ya miezi saba na nusu. Sohar yenyewe ilirudishwa Oman, ikawekwa kwenye mzunguko wa barabara mjini Maskati, karibu na hoteli ya Al Bustan.