Nani Apanga Bei ya Petroli Mpakani?

Wanachama wa Busia na Tororo huuliza: kwa nini lita ya petroli ina bei yake upande huu na nyingine ng'ambo, ilhali mafuta mengi ya pande zote mbili hupitia Mombasa?

Mwaka 1994 serikali zote mbili ziliacha kupanga bei ya mafuta. Uganda imebaki hivyo: kila kampuni hujipangia bei ya kituoni. Kenya ilirudisha udhibiti Desemba 2010. Tarehe 14 ya kila mwezi hutangazwa bei ambayo muuzaji haruhusiwi kuipita.

Tofauti ilionekana wazi Januari 2022. Madereva wa malori waligoma Malaba na Busia, wakikataa kutozwa dola 30 za kipimo cha Korona. Mafuta yakaadimika Uganda, na katika baadhi ya vituo lita ikapita shilingi 10,000. Nairobi bei haikutikisika: shilingi 129.72 za Kenya.

Lakini bei hiyo haikushikiliwa bure. Kila mnunuzi wa petroli Kenya alikuwa akitozwa ushuru wa shilingi 5.40 kwa lita. Basi Uganda mfanyakazi aliumia kwa ghafla. Kenya alilipa kidogo kidogo.

Kwa hiyo, mnapokaa mezani na waajiri, msidai nyongeza ya mshahara peke yake. Daini pia kifungu cha kupandisha posho ya usafiri kila mafuta yapandapo. Bei ikiwa huru na mshahara umefungwa, mzigo wote humwangukia mfanyakazi.