Je, Wajua? Tangi la Matumbawe Hujazwa kwa Maji Baridi

Tangi la matumbawe la nyumbani likipungua maji, haliongezwi maji ya bahari. Huongezwa maji baridi, na hapa si ya friji: ni yale yasiyo na chumvi. Aliyewahi kuona mashamba ya chumvi anajua siri yake. Jua huchukua maji, chumvi hubaki.

Lita moja ya maji ya bahari ina takriban gramu 35 za chumvi. Tangi la lita 100 likipoteza lita 10 kwa mvuke, kila lita iliyobaki ina karibu gramu 39. Ukijazia maji ya chumvi kila mara, chumvi huzidi kurundikana. Wazoefu huchora mstari kwenye kioo kuonyesha kina cha siku ya kwanza, kisha kila asubuhi hurudisha maji mpaka pale. Ya bomba hayaaminiki. Yana klorini, na huenda yakawa na shaba, ambayo hata kidogo tu inaweza kuua kamba na konokono. Hutumika yaliyochujwa.

Joto nalo lisichezewe. Nyuzi 25 au 26 zinatosha. Ndani ya nyama ya tumbawe huishi mwani mdogo sana unaolilisha kwa nguvu ya mwanga. Maji yakipata joto kupita kiasi, tumbawe huutema mwani huo na kubaki jeupe kama mfupa. Ndivyo ilivyotokea mwaka 1998 kwenye miamba ya pwani ya Afrika Mashariki, ambako hakuna wa kuzima hita.