Mlango Wazi kwa Wageni, Usalama kwa Wote

Ndugu wananchi wa Busia, Malaba na Mutukula, wahenga walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Katika msimu huu wa sikukuu, anayefungua nyumba yake ili majirani watazame na kununua vikapu, mikeka, vyungu na nguo za magome ya mutuba hufanya jambo jema. Tunawaomba mlilinde jema hilo kwa utaratibu.

Kwanza, mwarifuni mwenyekiti wa LC1 na kituo cha polisi kilicho karibu, mkitaja siku, saa na idadi ya wageni mnaowatarajia.

Pili, tengeni ua au chumba kimoja kwa maonyesho. Vyumba vya kulala vifungwe. Mtu mmoja ashike fedha, wala asizihesabu hadharani. Watoto wawe na mwangalizi.

Tatu, fundi anayetoka ng'ambo asipitishe kazi zake njia za panya, ambako aweza kunyang'anywa pasipo shahidi. Apite kituo rasmi cha mpaka. Bidhaa zilizotengenezwa ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, zilizomo katika orodha iliyokubaliwa na zisizozidi thamani ya dola 2,000 za Marekani, hupewa cheti rahisi cha uasili, nazo hazitozwi ushuru wa forodha.

Mapambo ya pembe za ndovu yasiwekwe mezani kamwe. Kuyauza ni kosa la jinai.

Mwonapo jambo la kutia shaka, pigeni 999 au 112. Tunawatakia sikukuu njema.