Mlinzi wa Lango Ndani ya Ubongo

Sogeeni, wajukuu zangu. Leo nawaeleza kwa nini mkono hufanya ulichokusudia tu, usifanye na mengine.

Mmeona jinsi ngamia anavyokamuliwa huku kwetu Isiolo. Mkamuaji husimama kwa mguu mmoja, wa pili ameukunja, wayo umeegemea goti. Chombo kakipakata juu ya paja. Mikono miwili inavuta chuchu, povu linapanda, wala hayumbi. Maziwa hayo ndiyo yanayopakiwa kwenye basi hadi Eastleigh, Nairobi.

Nani anaviamrisha vidole hivyo? Juu ya ubongo kuna ukanda uitwao gamba la mwendo. Ukanda wa upande wa kushoto huamrisha mkono wa kulia, na wa kulia huamrisha mkono wa kushoto. Amri hushuka kwa uti wa mgongo hadi kwenye misuli.

Hata hivyo, gamba hilo haliamui peke yake. Ndani kabisa ya ubongo yamo mafundo ya seli yaitwayo ganglia za msingi. Kazi yake ni kuzuia na kuachilia.

Fikirini lango la boma alfajiri. Mbuzi wanasukumana, kila mmoja anataka kutoka. Mlinzi ameikingamisha fimbo yake. Akiinua, anapita mmoja, wengine wanangoja. Katika ganglia za msingi mlinzi ni fundo liitwalo palidamu. Hata ukiwa umetulia tuli, seli zake huituliza sehemu ya ubongo iitwayo thalamasi mara makumi kwa kila sekunde, na thalamasi ndiyo inayoliamsha gamba la mwendo.

Sasa mkamuaji anataka kuvuta. Gamba la ubongo hupeleka habari kwa fundo jingine, striatamu. Striatamu huinyamazisha palidamu kwa kitambo kidogo, fimbo inainuka. Thalamasi inapata nafasi, inaliamsha gamba la mwendo, kidole kinavuta. Wakati huohuo, njia ya pili kutoka striatamu huikaza fimbo kwa mienendo isiyotakiwa: bega lisitikisike, mguu usiteleze. Habari huzunguka hivyo bila kukoma, kutoka gamba hadi mafundo na kurudi kwenye gamba.

Ili fimbo iinuke kwa wepesi, inahitajika dopamini, kemikali itengenezwayo na seli zenye weusi zilizo kwenye shina la ubongo. Seli hizo zikifa kidogo kidogo, fimbo huwa nzito. Mtu anajua anachotaka kufanya na misuli yake ni mizima, ila kuanza ndiko kunakomshinda. Hatua zinakuwa fupi, uso unakakamaa, mkono unatetemeka hata ukiwa umepumzika. Huo ni ugonjwa wa Parkinson, uliopewa jina la James Parkinson, daktari wa Uingereza aliyeueleza mwaka 1817.

Hata kwa jirani zetu upo. Utafiti wa wilaya ya Hai, Tanzania, uliochapishwa mwaka 2008, uliwapata wagonjwa kijijini, na wengi wao hawakuwahi kuambiwa na daktari wana ugonjwa gani. Dawa ya kuuponya haijapatikana, lakini kipo kidonge cha levodopa, ambacho ubongo hukigeuza kuwa dopamini.

Basi mkimwona babu anaburura miguu na kutetemeka, msimcheke, wala msikubali mtu aseme amerogwa. Waambieni wakubwa wampeleke hospitali.