Mashine Moja, Miradi Miwili

Jirani na Maili Moja, kilometa zipatazo 40 magharibi ya Dar es Salaam, lipo eneo la Tumbi. Mwaka 1963 serikali ya Tanganyika na nchi nne za Ulaya ya kaskazini, yaani Denmaki, Ufini, Norwe na Uswidi, zilianzisha hapo mradi uliokusanya shule ya sekondari, kituo cha afya na mafunzo ya wakulima mahali pamoja. Mwaka 1970 mradi huo ulikabidhiwa kwa serikali ya Tanzania, nao ndio Shirika la Elimu Kibaha. Maadui watatu, ujinga, maradhi na umaskini, walikusudiwa kupigwa vita kutoka kambi moja.

Faida ya kuweka kazi nyingi chini ya paa moja haihitaji kuelezwa sana: chombo kimoja huweza kuhudumia wengi. Shida huanza siku ambayo wote wanakihitaji kwa pamoja. Shida hiyo ni ya kila mahali penye miradi iliyoungana, na siku hizi zipo programu za kompyuta zilizotengenezwa ili kuisimamia.

Na ichukuliwe, kwa mfano tu, kwamba halmashauri fulani inajenga madarasa na wodi ya wazazi kwa wakati mmoja, nayo ina mashine moja ya kuchanganyia zege. Kila mradi una msimamizi wake na ratiba yake. Ratiba ya madarasa yasema zege la linta litamwagwa juma la tatu. Ya wodi yasema vivyo hivyo. Kila ratiba ikisomwa peke yake haina kosa lolote. Kosa limo katikati yao, mahali ambapo hakuna msimamizi anayepatazama.

Dawa yake ni daftari la pamoja. Katika programu kama Microsoft Project, mashine, magari na mafundi huandikwa katika faili moja lisilo na kazi yoyote ndani yake, na ratiba za miradi yote huunganishwa nalo. Mara mashine inapopangiwa kazi na miradi miwili kwa siku zile zile, daftari huonyesha kwamba imebebeshwa asilimia 200 ya uwezo wake. Hata hivyo daftari hudanganyika kwa urahisi. Mmoja akiandika “mashine ya zege” na mwenziwe “mikisa”, kompyuta huhesabu mashine mbili, na mgongano hauonekani. Tena msimamizi anayefanya kazi kwa nakala yake bila kupeleka mabadiliko kwenye daftari huwaacha wenzake wakisoma habari za jana.

Mgongano ukisha kuonekana, programu hutafuta kazi inayoweza kungoja. Katika mfano huu, madarasa hayana nafasi, kwa kuwa paa lake linafuata mara zege linapokomaa. Kenchi za wodi, kinyume chake, hazitatoka kwa seremala kabla ya juma la saba. Zege lake likipewa juma moja la kukomaa, laweza kumwagwa hata juma la tano bila kuchelewesha kitu. Basi madarasa hutangulia, wodi hufuata juma la nne, na hakuna aliyepoteza.

Hesabu ya kupata nafasi hiyo si ngeni. Iliasisiwa mwaka 1957 na Morgan Walker wa kampuni ya DuPont na James Kelley wa Remington Rand, nchini Marekani. Lakini njia yao ya mwanzo ilichukulia kwamba vyombo vipo tele, dhana ambayo fundi yeyote wa Kibaha angeicheka. Vyombo vikiwa haba, hesabu huwa nzito mno: kazi zikiongezeka kidogo, idadi ya mipango inayowezekana huongezeka kupita kiasi, hata kompyuta haiwezi kuipitia yote. Kwa hiyo programu nyingi hufuata kanuni za kukadiria tu, na mpango zinaoutoa ni mzuri wa kutosha, si lazima uwe bora kuliko yote.

Sasa mashine na iharibike majuma mawili, la tatu na la nne. Inaporudi juma la tano, nafasi ya wodi imekwisha, na madarasa yamekwisha kuchelewa. Madarasa yakitangulia, yatachelewa majuma mawili na wodi juma moja. Wodi ikitangulia, itamalizika kwa wakati, na madarasa yatachelewa majuma matatu. Shule ikifunguliwa Januari, watoto watakaa nje. Katika programu iliyotajwa, kila mradi hupewa namba ya kipaumbele kutoka 0 hadi 1000, na usipopewa huandikiwa 500. Mwenye namba kubwa hutangulia. Kompyuta haijui mama mjamzito wala mwanafunzi. Inajua namba, na namba hiyo imeandikwa na mtu, au imeachwa bila kuandikwa, kama itokeavyo mara nyingi.

Hapo ndipo halmashauri hupaswa kukutana, ratiba zote mbili zikiwa mezani. Yaweza kuwa kukodi mashine ya pili kwa juma moja ni rahisi kuliko kuchelewa. Daftari la pamoja litaonyesha tarehe zitakazookolewa. Gharama ya kukodi ataitaja mwenye mashine.